Bruno Rossi: aliyekwenda Asmara kupima miale ya anga, akakuta mvua asiyoitarajia

Ukikaa nje usiku hapa Mzinga umeme ukiwa umekatika, Milima ya Uluguru huonekana kama ukuta mweusi, na juu yake nyota zimejaa. Wengi wetu tunadhani kinachotufikia kutoka huko juu ni mwanga tu. Sivyo. Nyoosha kiganja chako. Kila sekunde, takriban chembe moja isiyoonekana inapita katikati ya kiganja hicho, inatokea upande wa pili na kuzama ardhini. Haiumi wala haina joto. Ni mabaki ya mgongano uliotokea kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu, pale chembe iliyosafiri kutoka mbali sana angani ilipogonga hewa ya dunia.

Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyewafundisha wanasayansi namna ya kuzihesabu chembe hizo bila kudanganyika. Jina lake ni Bruno Rossi, Mtaliano, aliyefariki mwaka 1993. Tumemchagua kwa sababu jambo kubwa katika maisha yake lilitokea Afrika Mashariki, mjini Asmara, Eritrea, mwaka 1933. Jambo lingine lilifika pwani ya Kenya, karibu na Malindi, likapewa jina la Kiswahili. Na kile alichokiona Asmara bila kukitafuta ndiyo njia inayotumika leo kunasa miale ya gama yenye nguvu kubwa kupita kiasi, miale ambayo vyanzo vyake vingi bado havijatambuliwa.

Mtoto wa mhandisi wa umeme

Bruno Rossi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1905 katika mji wa Venice, Italia, mji uliojengwa juu ya maji, ambako mashua hufanya kazi ya daladala. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wavulana watatu. Baba yake alikuwa mhandisi wa umeme, mmoja wa watu walioshiriki kuuletea mji huo taa za umeme. Rossi alisoma vyuo vikuu vya Padua na Bologna, akahitimu mwaka 1927. Mwaka uliofuata alipata kazi Chuo Kikuu cha Florence, katika maabara iliyokuwa juu ya kilima cha Arcetri. Kilima hicho kina historia yake. Hapo ndipo Galileo Galilei, yule mwanasayansi aliyeelekeza darubini angani, alipomalizia maisha yake mwaka 1642 akiwa chini ya kifungo cha nyumbani.

Wakati huo kulikuwa na fumbo kubwa. Mwaka 1912, Victor Hess wa Austria alipanda kwenye puto hadi kimo cha zaidi ya kilomita tano akiwa na vipimo vya mionzi. Alikuta kwamba kadiri anavyopanda, mionzi inaongezeka. Kwa hiyo haikuwa ikitoka ardhini, bali juu. Ikaitwa miale ya anga za mbali. Sisi hapa tutaiita miale ya anga. Lakini ni kitu gani hasa? Robert Millikan wa Marekani, mwanasayansi mwenye sifa kubwa na Tuzo ya Nobel, aliamini kuwa ni miale ya gama, yaani mwanga wenye nguvu nyingi kuliko hata eksirei ya hospitalini. Mwaka 1929, Wajerumani wawili, Walther Bothe na Werner Kolhörster, walitoa jaribio lililotia shaka wazo hilo. Rossi, akiwa na miaka 24, alilisoma akajua papo hapo kazi atakayofanya.

Bati la jirani

Kifaa walichotumia wanasayansi wa wakati ule ni kihesabio cha Geiger. Ni bomba la chuma lenye gesi ndani na waya katikati. Umbo lake ni kama mzinga wa nyuki wa gogo, ila ni mdogo. Chembe ikipita ndani, bomba hutoa mshtuko mdogo wa umeme. Tatizo ni kwamba bomba moja hutoa mishtuko mingi: chembe za ardhini, uchafu ndani ya chuma, na kadhalika. Huwezi kujua ipi imetoka angani.

Hebu fikiria uko ndani usiku, ukasikia kishindo juu ya bati. Huenda ni embe limeanguka. Huenda ni paka. Lakini ikiwa mabati ya nyumba yako, ya jirani na ya jirani wa pili yote yamelia kwa wakati mmoja, unajua si paka. Mvua imeanza.

Hivyo ndivyo Rossi alivyofanya. Alipanga vihesabio vitatu, kimoja juu ya kingine, akaviunganisha kwa valvu, vile vitaa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani, ambazo wazee wetu wanakumbuka zilivyochukua muda kupata moto kabla ya kuongea. Mtambo wake ulinyamaza kama bomba moja tu au mawili yameshtuka. Ulihesabu pale tu yote yaliposhtuka kwa pamoja. Aliutangaza mwaka 1930, akiwa na miaka 25. Kanuni hiyohiyo, ya kutoa jibu pale tu masharti yote yanapotimia pamoja, ni moja ya misingi ya kompyuta, na imo ndani ya simu unayosomea makala hii.

Kwa mtambo huo Rossi alionyesha jambo la kushangaza. Aliweka vipande vya madini ya risasi kati ya mabomba, akaongeza hadi unene ukafika mita moja, na bado sehemu kubwa ya chembe zilipita. Miale ya gama iliyojulikana wakati huo isingeweza kupenya hivyo. Mwaka 1931, katika mkutano mkubwa wa wanasayansi mjini Roma, kijana huyu wa miaka 26 alisimama mbele ya wakubwa, Millikan mwenyewe akiwemo, akaeleza kwa nini wazo la Millikan halisimami. Millikan hakufurahi. Lakini Mmarekani mwingine, Arthur Compton, alisikiliza kwa makini, na urafiki wao ungekuja kumwokoa Rossi siku za mbele.

Safari ya Asmara

Ili kumaliza ubishi, ilibidi kujua kama miale ya anga ina chaji ya umeme. Dunia yetu ni sumaku kubwa. Ndiyo maana sindano ya dira huelekea kaskazini. Chembe yenye chaji ikiingia kwenye nguvu ya sumaku, njia yake hupinda. Mwale wa gama hauna chaji, kwa hiyo hupita moja kwa moja. Rossi alipiga hesabu akaona kwamba kama chembe zina chaji chanya, nyingi zaidi zitaonekana kutoka upande wa magharibi. Kama zina chaji hasi, zitazidi upande wa mashariki. Kama hazina chaji, pande zote mbili zitalingana.

Alijaribu Florence, hakuona tofauti. Ulaya iko mbali mno na ikweta, na tofauti hiyo huonekana vizuri karibu na ikweta, tena mahali pa juu ambako hewa ni nyembamba. Akachagua Asmara, iliyokuwa wakati huo chini ya ukoloni wa Italia. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa sisi wa Morogoro, fikiria mji mzima uliojengwa huko juu Uluguru, si mbali sana na kimo cha kilele cha Kimhandu, kinachopita mita 2,600.

Maandalizi yalichukua muda mrefu. Na kabla hajaondoka Italia, habari zikafika: Wamarekani wamemtangulia. Mapema mwaka 1933, Thomas Johnson kwa upande wake, na Luis Alvarez pamoja na Compton kwa upande wao, walikuwa wamepima nchini Mexico na kuiona tofauti hiyo. Wazo alilolitoa Rossi mwaka 1930 lilikuwa limethibitishwa na watu wengine. Lilimuuma. Hata hivyo alifunga mizigo, akaenda Eritrea pamoja na mwenzake Sergio De Benedetti.

Walipima, wakakuta chembe kutoka magharibi zinazidi za mashariki kwa takriban robo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miale ya anga ni chembe zenye chaji chanya, wala si miale ya gama. Leo tunajua kwamba nyingi ni protoni, kiini cha atomu ya haidrojeni.

Lakini jambo lenye uzito zaidi lilitokea pembeni ya kazi hiyo. Mpimaji mwaminifu hukagua kwanza kifaa chake. Rossi alitaka kujua ni mara ngapi mabomba yake hushtuka pamoja kwa bahati tu. Akayatenganisha, kiasi kwamba chembe moja isingeweza kupita kwenye yote. Hapo alitarajia kuhesabu mishtuko michache sana ya pamoja. Ikawa mingi kuliko bahati inavyoweza kueleza. Mabati ya nyumba zilizo mbalimbali yalikuwa yakilia kwa pamoja.

Wengine wangesema mtambo umeharibika, wakaitupa namba hiyo. Rossi hakuwa na muda wala vifaa vya kuchunguza zaidi, maana safari ilikuwa ya kazi nyingine. Lakini aliiandika. Katika taarifa yake iliyochapishwa mwaka 1934, kwa Kitaliano, alieleza kwa ufupi kwamba inaonekana mara kwa mara chembe nyingi hufika kwa wakati mmoja zikiwa zimetapakaa eneo kubwa. Aliita mvua ya chembe, na ndivyo ilivyo. Chembe moja yenye nguvu hugonga hewa huko juu na kuzaa nyingine, hizo nazo hugonga na kuzaa nyingine, kama jiwe moja linaloporomoka mlimani na kuamsha mengine hadi bonde zima linanguruma. Mpaka zinafika ardhini zinaweza kuwa mamilioni.

Taarifa hiyo haikuvuma. Miaka michache baadaye, kuanzia 1938, Pierre Auger wa Ufaransa alilichunguza jambo hilo kwa upana, akitenganisha vihesabio vyake kwa mamia ya mita, na kwa muda mrefu mvua hizo zikaitwa kwa jina la Auger.

Kufukuzwa nyumbani

Aliporudi kutoka Asmara, Rossi aliendelea na kazi Padua, ambako alikuwa profesa tangu 1932. Chuo kilimpa jukumu la kujenga taasisi mpya ya fizikia. Alisimamia ramani na vifaa kwa miaka mingi, na jengo likakamilika mwaka 1937. Aprili 1938 alimwoa Nora Lombroso. Ilionekana maisha yametulia.

Miezi michache baadaye serikali ya Mussolini ilitunga sheria dhidi ya Wayahudi. Rossi alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Kwa kalamu moja alipoteza kazi, katika jengo alilolijenga mwenyewe, akiwa na miaka 33. Bruno na Nora waliondoka Italia. Kwanza walipokewa Copenhagen na Niels Bohr, kisha Manchester, Uingereza, na Patrick Blackett. Mwaka 1939 walivuka bahari hadi Marekani, ambako Compton, yule aliyemsikiliza Roma, alimpa nafasi Chicago.

Majira ya joto ya mwaka huohuo, badala ya kupumzika, Rossi alipakia vifaa vyake kwenye basi na kupanda mlima Evans katika jimbo la Colorado. Alitaka kujua kama zile chembe zinazopenya risasi hufa njiani. Leo chembe hizo tunaziita myuoni, na ndizo zinazopita kwenye kiganja chako. Alikuta kwamba kweli hufa, na katika kazi zilizofuata alipima umri wao: takriban sehemu mbili za milioni za sekunde. Kwa umri huo mfupi zisingefika ardhini kabisa. Zinafika kwa sababu kitu kinachokwenda kasi karibu na ya mwanga, saa yake huenda polepole, kama Einstein alivyokuwa amefundisha. Kila myuoni inayopita kwenye kiganja chako ni ushahidi wa jambo hilo.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo si vyema kuiruka. Kuanzia mwaka 1943, Rossi alifanya kazi Los Alamos, mahali bomu la atomiki lilipotengenezwa. Ujuzi wake wa kupima mambo yanayotokea kwa kufumba na kufumbua ndio uliohitajika. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza lilipojaribiwa jangwani, vipimo vyake vilikuwepo. Wiki tatu baadaye miji ya Hiroshima na Nagasaki iliangamizwa na watu wengi mno wakafa. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni Rossi hakuificha sehemu hii wala uzito wake. Vita vilipokwisha alirudi kwenye miale ya anga. Mwaka 1946 alijiunga na chuo cha MIT karibu na Boston, akabaki huko hadi kustaafu.

Mvua imetoka upande gani?

Huko MIT Rossi alilirudia lile jambo la Asmara. Safari hii hakuuliza tu kama mvua ya chembe ipo, bali imetoka upande gani wa anga.

Mvua ya chembe hushuka kama sinia pana na jembamba. Ikishuka wima, vihesabio vyote hushtuka kwa wakati mmoja. Ikiwa imeinama kutoka mashariki, vihesabio vya mashariki hushtuka kwanza, vya magharibi vinafuata. Tofauti ni ndogo mno, sehemu chache za bilioni za sekunde, lakini inapimika. Mwaka 1953 Rossi pamoja na George Clark na Piero Bassi walionyesha kwamba ukiipima tofauti hiyo unaweza kujua mwelekeo wa chembe ya kwanza.

Wakatandaza vifaa uwanjani huko Massachusetts. Vifaa hivyo vilijazwa kimiminika kinachotoa mwanga chembe ikipita, nacho huwaka moto kirahisi. Radi ikapiga, moto ukawaka. Vijana wa Rossi wakatengeneza vipya vya plastiki isiyoshika moto ovyo, wakaanza tena. Baadaye kikundi chake kilitandaza vifaa Volcano Ranch, New Mexico, ambako John Linsley alinasa mwaka 1962 mvua iliyoanzishwa na chembe yenye nguvu kubwa kuliko zote zilizokuwa zimepimwa. Kingine kiliwekwa mlima Chacaltaya, Bolivia, zaidi ya mita 5,200 juu, si chini sana ya kilele cha Kilimanjaro. Huko walikuwa wakitafuta kitu maalumu: mvua zilizoanzishwa na miale ya gama. Mvua ya gama hutambulika kwa kuwa na myuoni chache.

Kwa nini watafute gama, wakati Rossi mwenyewe alishathibitisha kwamba sehemu kubwa ya miale ya anga si gama? Sababu ni ileile iliyompeleka Asmara. Chembe zenye chaji hupindishwa na sumaku zilizo angani. Zinapotufikia zimezunguka sana, na mwelekeo wake hautuambii zilikotoka. Ni kama mgeni aliyepotea njia mara mia. Ukimwangalia anakotokea hujui kwao. Mwale wa gama haupindi. Ukijua umetoka upande gani, umejua kwao ni upande gani. Na mahali panapotoa gama nyingi, pana uwezekano kwamba ndipo miale ya anga inapozaliwa.

Uhuru yarushwa kutoka pwani ya Kenya

Hewa huzuia eksirei na miale mingi ya gama, kwa hiyo njia nyingine ilikuwa kwenda juu ya hewa. Mwaka 1961 wenzake wa MIT, William Kraushaar na Clark, walirusha setilaiti ya Explorer 11. Baada ya kuchuja data zote, walibaki na miale ya gama 22 tu. Ilikuwa michache, lakini ilikuwa mwanzo.

Rossi mwenyewe alishauri jambo ambalo wengi waliliona halina faida: kutafuta nyota zinazotoa eksirei. Riccardo Giacconi na wenzake walichukua ushauri huo, na mwaka 1962 roketi yao ikakuta chanzo chenye nguvu sana ambacho hakuna aliyekijua. Kutokana na hapo ikajengwa setilaiti nzima ya kazi hiyo. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, ambalo Waitaliano walilijenga ili kurushia roketi karibu na ikweta. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote, na orodha ya Uhuru ikawa na vyanzo 339.

Novemba 1972, kutoka jukwaa hilohilo, ikarushwa setilaiti ya SAS-2, hii ikiwa ya miale ya gama. Kati ya iliyoviona, kimoja kiliwasumbua sana wataalamu. Kilikuwa kinang'aa kwa gama, lakini darubini za mwanga na za redio zilipoelekezwa pale hazikukuta kitu cha maana. Kikaitwa Geminga, jina ambalo katika lugha ya watu wa Milano linakaribia kusema hakipo. Ilichukua takriban miaka 20. Mwaka 1992 ndipo ilipothibitika kuwa Geminga ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota iliyolipuka, inayozunguka zaidi ya mara nne kila sekunde.

Rossi aliishi kuliona jibu hilo. Alifariki tarehe 21 Novemba 1993 huko Cambridge, Massachusetts. Majivu yake yalirudishwa Italia, yakazikwa kwenye makaburi ya kanisa la San Miniato al Monte, juu ya mji wa Florence, si mbali na Arcetri. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Rossi hakuipata kamwe, ingawa setilaiti iliyorushwa mwaka 1995 ilipewa jina lake.

Vyanzo visivyo na jina

Miale ya gama yenye nguvu kubwa zaidi, mara mabilioni mamia kadhaa kuliko mwanga wa kawaida, ni adimu mno kwa setilaiti ndogo kuinasa. Hapo ndipo mvua ya Asmara inaporudi. Badala ya kukwepa hewa, wanasayansi huitumia hewa yenyewe kama mtego. Mwale wa gama ukiigonga hewa, huanzisha mvua ya chembe, na mvua hiyo hutoa mmweko wa buluu unaodumu sehemu chache tu za bilioni za sekunde. Jicho haliuoni. Darubini zinauona.

Hapa Afrika kazi hiyo inafanyika Namibia, kwenye uwanda wenye usiku mweusi sana, ambako darubini za H.E.S.S. zimekuwa zikitazama anga tangu mwaka 2002. Jina hilo ni kumbukumbu ya Victor Hess, yule wa puto. Darubini nne zina vioo vya mita 12, na ya tano, iliyoongezwa mwaka 2012, ina kioo cha mita 28. Zikiuona mmweko mmoja kwa pamoja, zinahesabu. Ikiona moja peke yake, mara nyingi huachwa. Bado ni hadithi ya bati la jirani.

Mwaka 2018 wanasayansi wa H.E.S.S. walitoa ramani ya ukanda wa Njia Nyeupe, kundi letu la nyota, ile njia ya weupe tunayoiona usiku usio na mbalamwezi. Ilikuwa na vyanzo 78. Vilivyotambuliwa kwa uhakika vilikuwa 31 tu. Vingine vyote, ama vimekaa karibu na vitu kadhaa vinavyoweza kuwa ndiyo chanzo, ama hapaonekani kitu chochote. Mwaka 2021 mtambo wa LHAASO wa China, uliotandazwa mlimani zaidi ya mita 4,400 juu, ulitangaza vyanzo 12 vya gama yenye nguvu kubwa zaidi ya hiyo. Kilichotambuliwa kwa uhakika kilikuwa kimoja, mabaki ya nyota yanayoitwa Crab.

Msikilizaji anaweza kuuliza: kama gama haipindi, kwa nini hawajui? Wakati wa kiangazi ukiona moshi Uluguru ukiwa hapa Mzinga, unajua uko upande gani wa mlima. Lakini shamba ni la nani? Hapo pana mashamba matano yaliyopakana, na moshi umetanda juu ya yote. Mwelekeo unao, ila doa linaloonekana ni pana. Inabidi watu wengine waende na macho mengine, ya redio, ya eksirei, ya mwanga, watazame palepale. Kwa Geminga kazi hiyo ilichukua miaka 20.

Tumeyasimulia maisha haya pia kwa ajili ya wanafunzi wanaotusikiliza na walimu wao wa sayansi. Rossi alifika Asmara akiwa ameshapitwa na wenzake katika jambo alilolifuata. Alichobakiwa nacho ni namba moja isiyolingana na alivyotarajia, iliyopatikana alipokuwa akikagua mtambo wake tu. Hakuifuta. Kwa hiyo mwanafunzi, siku utakapopima urefu wa kivuli au uzito wa maji ukapata namba isiyofanana na ya kitabu, usiipindishe ili mwalimu akupe alama. Pima tena. Ikibaki vilevile, iandike kama ilivyo, na tarehe yake.